Gari Likizimika Njiani, Nani Analipa?

Msikilizaji, gari lako limezimika usiku kati ya Manyoni na Singida. Gharama ya kulivuta ni ya nani? Jibu limo kwenye mkataba wako wa bima. Bima ndogo hulipa madhara uliyowasababishia wengine. Gari lako utalivuta kwa fedha zako. Bima kubwa yaweza kuwa na kipengele cha msaada wa barabarani, lakini kisome kabla ya kusaini. Kikomo ni shilingi ngapi? Ni kwa ajali tu, au hata pancha na betri iliyoisha chaji? Kinafika Mtera na Kondoa, au kinaishia Dodoma mjini? Ukikwama, ipigie kwanza kampuni ya bima, kisha dai risiti kwa anayelivuta gari. Usiporidhika na majibu ya kampuni ya bima, peleka malalamiko kwa mamlaka ya usimamizi wa bima, TIRA.