Maji ya Kisima cha Bethlehemu

Jumapili ya Tatu ya Majilio, Mwaka A
Yakobo 5:7–10, pamoja na 2 Samweli 23:13–17



Somo la pili la Jumapili hii halihitaji mfasiri hapa Bukene. Mtume Yakobo anatuonyesha mkulima aliyekwisha kupanda, naye anasubiri mvua kwa moyo mtulivu. Katika mwezi huu wa Desemba ni nani kati yetu, kutoka Bukene hadi Ndala, asiyeyatazama mawingu kila alasiri? Lakini somo letu linaanzia aya ya saba. Atakayeifungua Biblia nyumbani na kupandisha macho mistari michache tu atakuta habari nyingine: vibarua waliovuna mashamba ya matajiri, na ujira wao ukazuiliwa. Mtume anausema ujira ule kana kwamba una kinywa, na Mungu anausikia. Basi ile saburi inayosomwa leo kanisani kwanza iliandikwa kwa ajili ya hao waliodhulumiwa. Wale walioshika ujira hawakuambiwa wasubiri. Waliambiwa walie.

Somo hilihili lilisomwa tarehe 11 Desemba 2022, na tunapenda kuikumbuka Majilio ya mwaka ule. Kombe la Dunia lilifunguliwa huko Qatar tarehe 20 Novemba, Jumapili ya Kristo Mfalme, likafungwa tarehe 18 Desemba, Jumapili ya Nne ya Majilio. Kwa hiyo Majilio karibu yote ilikwenda sambamba na kabumbu. Saa za Doha ni saa zetu. Mechi ya kwanza ilianza saa 7 mchana na ya mwisho saa 4 usiku, wala hapakuwa na haja ya kukesha. Katika nchi nzima vijana walijazana katika yale mabanda wanayoyaita banda umiza, na makatekista wengi wanajua mafundisho ya Jumamosi yalikuwaje wiki zile. Tarehe 10 Desemba Moroko iliifunga Ureno, ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali. Hatuoni sababu ya kuifanya furaha ile kuwa dhambi. Mchezo ni zawadi njema, na mtu aliyelima tangu alfajiri ana haki ya kushangilia jioni.

Hata hivyo, kwa nini Novemba, wakati Kombe la Dunia huchezwa Juni na Julai? FIFA iliipa Qatar mashindano hayo Desemba 2010. Baadaye ikaonekana kwamba joto la huko wakati wa kiangazi lingewaumiza wachezaji, nayo tarehe ikahamishwa. Wachezaji wakahurumiwa. Wajenzi wa viwanja saba vipya kati ya vile vinane, pamoja na barabara, hoteli na reli, walifanya kazi katika viangazi hivyohivyo, isipokuwa saa za adhuhuri zilizokatazwa na sheria. Walitoka Nepal, India, Bangladesh, na pia Kenya na Uganda. Wengi walikuwa wamekopa fedha ili kumlipa wakala aliyewatafutia kazi, na kwa desturi iitwayo kafala hawakuweza kumwacha mwajiri pasipo ruhusa yake.

Juu ya waliokufa yamesemwa mengi. Mwaka 2021 gazeti la Guardian la Uingereza liliandika kwamba wafanyakazi zaidi ya 6,500 kutoka nchi tano za Asia walikuwa wamekufa Qatar tangu mwaka 2010; hao ni wa kazi zote na wa sababu zote za kifo. Waandaaji walitaja watu 3 tu waliokufa wakiwa kazini katika ujenzi wa viwanja. Kisha Novemba 2022 mkuu wa kamati ya maandalizi akasema kwamba katika miradi yote ya mashindano walikufa kati ya 400 na 500. Hatutaki kuwatumia marehemu kama fimbo ya kumpigia mtu. Lakini wafu wanaohesabiwa kwa namna tatu kwa kweli hawajahesabiwa. Haki inadai tuseme pia kwamba mwaka 2020 Qatar ilibadili sheria, mfanyakazi akaruhusiwa kuhama mwajiri bila kibali chake, na tangu Machi 2021 kukawa na mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi. Mabadiliko hayo yalikuja kwa sababu watu walipiga kelele.

Mmoja wa waliosema ni Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi huko, aliyeandika jinsi wafanyakazi walivyorundikwa katika vyumba vya kulala. Mei 2021 alikamatwa, akafungiwa peke yake kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000. Na wakati wa mashindano yenyewe, mlinzi kijana kutoka Kenya alianguka ndani ya uwanja wa Lusail, akafa siku chache baadaye. Fainali ikachezwa katika uwanja huohuo, Argentina ikaishinda Ufaransa kwa penati. Tuliotazama tuliona majani mabichi na taa.

Sisi wa Unyamwezi tunayo sababu ya pekee ya kuuliza habari za wabeba mizigo. Katika karne ya 19 njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilifika Tabora, na kutoka Tabora ikagawanyika, moja kwenda Ujiji na nyingine kaskazini kuelekea ziwa Nyanza. Babu zetu ndio waliokuwa wapagazi mashuhuri wa njia hiyo, frasila mbili begani, kwa ujira wa vitambaa na shanga. Na katika njia hiyohiyo walipitishwa wengine wenye minyororo shingoni, wasio na ujira wowote. Pembe za ndovu zilizobebwa hivyo zilivuka bahari kupitia Unguja, zikawa vibao vya piano, na zikawa mipira ya biliadi. Naam, mipira ya mchezo! Bwana mmoja wa London alisimama mezani na fimbo yake, akaugonga mpira mweupe, akafurahi. Hakumchukia Mnyamwezi. Hakujua tu kwamba yupo. Leo kijana wa Bukene akitazama televisheni amesimama upande wa bwana yule, na kesho, akipata pasi ya kusafiria na wakala, atakuwa upande wa mpagazi. Ni mtu yuleyule.

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, Daudi yuko pangoni Adulamu, nao Wafilisti wameushika mji wake wa Bethlehemu. Anatamani maji ya kisima kilichoko penye lango la mji. Hakutoa amri, alitamani tu, kwa sauti. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya maadui, wakachota, wakamletea. Daudi akakataa kuyanywa, akayamimina mbele ya Bwana, maana aliona kwamba katika chombo kile mlikuwa na uhai wa watu. Tangu utoto wetu kisa hiki kimesomwa kama sifa ya Daudi. Lakini hao watatu je? Walihatarisha roho zao, kisha wakayatazama maji yakinywewa na mchanga. Biblia haisemi waliona nini moyoni.

Taifa letu liliwahi kumimina maji namna hiyo. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini, siku chache tu baada ya watoto wa Soweto kupigwa risasi, tarehe 16 Juni. Nchi za Afrika zilidai New Zealand isishiriki Olimpiki ya Montreal. Zilipokataliwa, zaidi ya nchi 20 hazikushiriki, Tanzania ikiwemo. Rais alikuwa Mwalimu Nyerere, aliyesoma Tabora na kufundisha St. Mary's papa hapa Tabora. Twaamini uamuzi ule ulikuwa wa haki. Lakini maji yaliyomwagwa yalichotwa na Filbert Bayi. Mwaka 1974 huko Christchurch alikuwa amevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akimtangulia John Walker wa New Zealand. Huko Montreal Walker alikimbia bila Bayi, akachukua dhahabu. Mwaka 1980 Tanzania ilikwenda Moscow, ingawa Marekani ilitaka watu wasusie kwa ajili ya Afghanistan, na Bayi na Suleiman Nyambui wakaleta medali mbili za fedha. Hadi Olimpiki ya Paris ya 2024 hatukupata nyingine. Mbona Montreal hapana na Moscow ndiyo? Swali ni halali, nalo wanasiasa walijibu wenyewe. Kwetu sisi inatosha kuona kwamba kususia kuna gharama, na mara nyingi mlipaji siye mwamuzi.

Je, tuzime televisheni? Mwenye dhamiri inayomsukuma kuzima, na azime, wala asicheke mtu. Lakini banda moja la Bukene likizimwa, huko Zurich hawatajua. Lipo la kumimina lililo karibu zaidi. Desemba 2024 FIFA iliipa Saudi Arabia Kombe la Dunia la mwaka 2034. Viwanja vitahitaji mikono, na mawakala hawashindwi kushuka hata katika stesheni ndogo za reli kama yetu. Tusisahau pia dada zetu: mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, wakanyang'anywa pasi na kunyimwa mishahara.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Kijana akisema anasafiri, mkataba usomwe mbele ya wazazi wake, kwa Kinyamwezi ikibidi, kabla ya kutia sahihi. Usiuzwe ng'ombe ili wakala alipwe. Nakala ya mkataba na ya pasi ibaki kwa mtu mwaminifu, pamoja na jina la mwajiri na namba ya ubalozi wetu. Na katika sala za waamini, walio ughaibuni wasitajwe kwa jumla. Watajwe kwa majina, Jumapili kwa Jumapili, hata zile Jumapili ambazo watu wana haraka ya kutoka kanisani kwa kuwa mpira unaanza saa 7.