Mtumishi Anayebaki
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wananchi na watumishi wa afya, Saadani)



Mwaka 1849, mwaka mmoja baada ya utumwa kukomeshwa katika kisiwa cha Réunion, lilianzishwa huko shirika la watawa wa Kikatoliki, Mabinti wa Maria. Miongoni mwao walikuwamo wanawake waliokuwa watumwa. Mwaka 1860 baadhi ya masista hao walifika Unguja, kisiwa chenye soko la watumwa, wakauguza wagonjwa na kulea watoto waliokombolewa. Misheni ya Bagamoyo ilipofunguliwa mwaka 1868, kazi yao ilivuka hadi pwani yetu hii. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliibomoa misheni. Ikajengwa upya, nao wakaendelea. Makaburi ya wamisionari yaliyopo Bagamoyo yanashuhudia kwamba wengi hawakurudi makwao.

Somo ni moja: maskini hafaidiki na msaada wa siku moja. Anahitaji mtu anayebaki.

Saadani iko mbali, na wakati wa masika barabara hupitika kwa shida. Muuguzi anayepangiwa huku atabaki akipata nyumba, maji na majirani wanaomjali. Mshahara hulipwa na Serikali. Ujirani ni wajibu wetu. Nanyi watumishi, mpokeeni asiye na kitu kwa heshima ile ile mnayompa mwenye nacho.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni aliye muuguzi, maneno hayo ni kweli tupu.