Msumeno Usikimbilie Tawi

Nyumba nyingi za Johannesburg zimerithi miti iliyopandwa na watu ambao wenye nyumba wa leo hawakuwajua: mijakaranda, mialoni. Majira ya baridi, Juni hadi Agosti, mialoni huwa imepukutika, matawi yanaonekana wazi.

Tawi nene halikatwi kwa mkato mmoja. Likianza kuanguka huvuta gome la shina, likabaki jeraha refu. Anza chini ya tawi, sentimita 30 hivi kutoka kwenye shina, ukate theluthi moja tu ya unene. Kisha kata kutoka juu, mbele kidogo, lidondoke. Sasa ondoa kisiki kilichobaki. Tazama pale tawi linapoungana na shina: pana uvimbe wenye mikunjo. Kata nje ya uvimbe huo, usiuguse, maana ndio unaofunga kidonda. Na kukata kichwa chote cha mti, nasema wazi, ni kuuharibu.

Kagua pia gome. Tangu 2017 Afrika Kusini inajua ina mbawakavu mdogo, milimita 2 hivi, anayetoboa miti na kuingiza kuvu ndani yake. Ukiona vitundu kama ncha ya kalamu, safisha msumeno kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine. Kuni za mti wenye vitundu usimpe jirani.

Mti ulio nje ya ukuta, kando ya barabara, ni wa jiji. Wapigie Johannesburg City Parks and Zoo.