Ashukaye Ndiye Asimamaye

 

Huko Mangapwani, kaskazini ya Mji Mkongwe, kipo chumba kilichochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe. Humo walifichwa watumwa baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku mwaka 1873. Mahali pale panatuuliza swali zito: mwanadamu anayeonewa kwa nguvu za mwenzake amjibu vipi? Je, akubali tu kubwagwa? Ama alipe ubaya kwa ubaya?

Leo na tujifunze kwa wanamieleka. Mwaka 1882, mjini Tokyo, mwalimu Jigoro Kano alianzisha mchezo wa judo, maana yake njia ya upole. Hapa Unguja, Mjapani Tsuyoshi Shimaoka aliwafundisha vijana mchezo huo tangu miaka ya 1990.

Limo pigo la nyonga. Mshindani hukuzungushia mkono kiunoni, hukugeuzia mgongo, huingiza nyonga zake chini ya tumbo lako, kisha hukuvuta mbele akupindue. Siri yake ni kuwa chini kuliko wewe. Basi anayekakamaa miguu hujipandisha mwenyewe mgongoni mwa mwenzake. Naye anayeinamia mbele amekwisha kuanguka. Mjuzi hukunja magoti mapema, hushusha nyonga zake chini ya zile za mwenziwe, huinua kifua, wala hajitengi naye. Pigo likikwama, humkumbatia kiunoni kwa nyuma, hunyosha magoti, akamwinua yule aliyetaka kumwinua. Halafu humwangusha huku angali amemshika, asije akaumia.

Wapendwa, Yakobo naye aliguswa nyongani usiku ule wa kushindana mweleka, kama tusomavyo katika Kitabu cha Mwanzo, sura ya 32. Kulipopambazuka akaenda akichechemea kumlaki Esau, ndugu aliyewahi kukusudia kumwua kwa sababu ya baraka ya baba yao. Hakukimbia, wala hakuinua upanga. Aliinama mpaka nchi mara saba. Na Esau, aliyekuja na watu 400, akamkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili.

Ni ndugu wangapi leo hawasalimiani kwa ajili ya shamba la minazi waliloachiwa na marehemu baba yao? Kila mmoja amekakamaa, na watoto wao wanakua bila kujuana. Injili haituagizi kuuita uonevu haki. Dai haki yako, lakini shusha kiburi chako kwanza. Mkaribie ndugu yako, umshike asivunjike. Kumshinda mtu na kumpoteza si ushindi.

Basi juma hili, kabla kesi haijaitwa mahakamani, nenda ukabishe hodi kwa ndugu yako. Mlango ukifunguliwa, anza wewe kutoa salamu.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.