Maana ya Neno "Kiholela"



Nimeombwa niseme machache juu ya utumishi wa umma. Nitasema juu ya neno moja tu: kiholela.

Wengi hudhani kiholela ni ovyo tu. Lakini ofisi yaweza kuwa safi, majalada yamepangwa vizuri, na bado uamuzi wake ukawa wa kiholela, kwa kuwa aliyeutoa hana sababu ya kumweleza aliyeathirika. Wala si kila uamuzi ulioachiwa busara ya mtu ni wa kiholela. Sheria haiwezi kutaja kila jambo.

Mfano tunao katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Tabora na kuendelea hadi Ujiji. Katika karne ya 19 watemi wa Ugogo walitoza hongo ya nguo, shanga na nyaya. Wasafiri kama Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley, aliyepita 1871, waliinung'unikia sana. Lakini Ugogo ni nchi kame, na misafara ya mamia ya watu ilikunywa maji ya wenyeji. Hongo ilidaiwa mchana, ikajadiliwa, na sababu yake ilijulikana. Aliyezidisha kwa tamaa yake tu, huyo ndiye aliyetoza kiholela.

Leo neno lile lile, hongo, maana yake ni rushwa. Anayeidai hawezi kutaja sababu yake mbele ya watu.

Mambo haya mawili ni ndugu. Mwananchi anatoka Sikonge kufuata hati ya kiwanja, anaambiwa "haiwezekani", basi. Hajui arekebishe nini. Njiani anajiuliza: "Au wanataka kitu?" Hapo uholela umekwisha kuzaa hongo, hata kama mtumishi yule hakuomba senti.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 13(6), inampa mtu haki ya kusikilizwa na ya kukata rufaa. Asiyeelezwa sababu atakata rufaa juu ya nini?

Kwa hiyo, ndugu watumishi, tukikataa tuseme kwa nini, na mwenye shauri kama hilo kesho apate jibu lile lile. Nanyi viranja, kabla ya kumwadhibu mwenzenu, mwambieni kosa lake, mkamsikilize.