Sauti Tuliyopewa Si ya Kuimba Tu

Hotuba ya Katibu wa Kwaya, Sherehe ya Jubilei



 Kamati imetuomba tuseme machache kabla ya chakula. Harufu ya pilau imeshafika hapa mbele, kwa hiyo hatutakawia.

Neno jubilei tumeliandika kwenye fulana, kwenye keki na kwenye bango la langoni. Katika Walawi 25 halikuwa neno la keki. Mwaka wa 50, Siku ya Upatanisho, baragumu lilipigwa nchi nzima, na liliposikika, aliyejiuza utumwani kwa umaskini aliachiliwa, na shamba lililouzwa kwa shida likarudi kwa jamaa yake. Haki ilianza kwa sauti. Kama mpiga baragumu angenyamaza, aliyekalia shamba la mwenzake angenyamaza vilevile, na maskini angedhani mwaka wake haujafika.

Sisi ni watu wa sauti. Na kwaya huingia mahali ambapo wengi hawaingii, hasa matangani. Jioni baada ya jioni tunaimba, tunapewa chai, na tukiwa tumekaa pale kwenye viti vya kukodi tunaona mambo. Tunaona funguo za stoo ziko mfukoni mwa nani. Tunasikia ng'ombe wakihesabiwa kabla mwili haujatoka mochari. Tunamwona mjane akiulizwa hati ya shamba iko wapi, na yeye hajatia kitu mdomoni tangu jana. Kisha tunamaliza ubeti wa mwisho, tunapanda matatu, na njiani tunaambiana, "Yule mama ataonewa." Tunayasema kwenye gari, mahali ambapo hayamsaidii mtu.

Miaka kadhaa iliyopita mwenzetu wa alto alifiwa na mumewe. Wiki moja baada ya mazishi, mashemeji walikuja na kufuli jipya. Jambo hilo halikuwa rahisi kwetu. Jamaa hiyo ndiyo iliyotushonea sare zetu za kwanza, na wawili wao walikuwa wakiimba besi. Kamati ilikaa hadi usiku. Wako waliosema mambo ya boma la mtu hayaingiliwi, na walisema kwa nia njema, wakihofia kwaya isivunjike. Mwishowe, yeye mwenyewe alipokubali, watu sita walimsindikiza hadi kwa naibu wa chifu. Walieleza walichokiona kwa macho yao: siku gani, nani alikuja, nini kilichukuliwa. Hawakumtukana mtu.

Naibu wa chifu aliita pande zote mbili. Aliwaambia kwamba Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kujichukulia mali ya marehemu bila idhini ya sheria au ya mahakama, na kwamba kufanya hivyo ni kosa la jinai. Wengi wetu tulikuwa tunakisikia kifungu hicho kwa mara ya kwanza. Kufuli likatolewa. Ng'ombe watatu hawajarudi hadi leo, na wale ndugu wawili walihama kanisa. Tunawakumbuka kila tunapofika penye besi nzito. Gharama hiyo tunaitaja wazi mbele yenu, maana vijana wetu wasije wakadhani kusema kweli ni bure.

Wako waliolipa zaidi. Askofu Alexander Muge wa Eldoret alitishwa hadharani na waziri asikanyage Busia. Alikwenda. Tarehe 14 Agosti 1990, akiwa njiani kurudi, alikufa katika ajali ya barabarani. Mwaka mmoja na nusu baadaye, Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza kugoma kula Uhuru Park, Nairobi, pamoja na Profesa Wangari Maathai. Polisi waliwatawanya kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Kanisa Kuu la All Saints lililo karibu likawafungulia mlango, na wakaendelea humo kudai wana wao karibu mwaka mzima. Wengi wa wana hao waliachiliwa. Wale hawakuwa wanasiasa. Walikuwa akina mama tu, tena wengine wazee, lakini walikuwa pamoja.

Hilo la kuwa pamoja ndilo tunalotaka kwaya ilishike. Sisi tunaofundisha tunalijua: mtoto mmoja akisema nani ameiba kalamu, ataviziwa njiani, wakisema kumi, hakuna wa kuviziwa. Tena kusema si kupiga domo. Nabii Nathani alimwendea Daudi mwenyewe. Hakuanza na sokoni. Kwanza muulize aliyeonewa anataka nini, na uhakikishe ulichokiona. Ila pale mtoto anapoumizwa, msingoje kikao cha kamati: pigeni 116. Kwa mama au yeyote anayepigwa au kunajisiwa ni 1195. Namba zote mbili hazikati pesa. Ziandikeni hapa pembeni ya kijitabu hiki.

Kamati imekubaliana kwamba, kuanzia mwezi ujao, kila tunapokwenda matangani wawili wetu watabaki na mjane au mayatima baada ya nyimbo, na watarudi tena wiki mbili baada ya mazishi. Tunahitaji majina kumi na mawili kwa kuanzia, wanaume wakiwemo. Daftari liko kwenye meza ya katibu, karibu na kinanda. Litafungwa kwaya ya vijana ikimaliza wimbo wake wa pili.