Beit al-Ajaib: Chuma, Chokaa na Maji ya Mvua

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema mbele yenu kabla ya chakula. Katibu aliniambia nichague jambo lolote la historia, mradi nisiwacheleweshee pilau. Nimechagua jumba moja la Unguja, Beit al-Ajaib, na kwa kuwa mkutano wa mchana utaamua juu ya ukumbi wetu wa zamani, nadhani mtanielewa.

Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hadi 1888. Huko Uingereza ilikuwa enzi ya Malkia Victoria, na chuma kilikuwa kimeingia katika ujenzi wa kila namna: madaraja, masoko, vituo vya reli. Barghash alikuwa ameyaona ya dunia. Aliishi uhamishoni Bombay baada ya kushindwa kumpindua nduguye Majid, na mwaka 1875 alizuru London. Aliyoyaona huko hakuyaacha huko.

Vijana, hapa ndipo pa kutega sikio. Katika nyumba za kale za pwani yetu, upana wa chumba huamuliwa na boriti. Boriti ya mkandaa hufaa kwa kama mita tatu hivi. Ukiipa zaidi ya hapo inapinda. Ndiyo maana ukiingia nyumba ya mawe ya Lamu au Unguja unakuta vyumba virefu lakini vyembamba. Barghash alitaka kumbi za kupokea wageni, si vyumba vya namna hiyo. Basi mafundi wakatumia mihimili ya chuma kubeba sakafu, na nje wakasimamisha nguzo za chuma cha kumimina kwenye kalibu, zikibeba baraza pana zinazolizunguka jumba. Baraza hizo zinakinga jua la mchana na kuacha upepo wa bahari upite.

Wako wanaosema hilo ni jumba la Kizungu lililopotea njia. Mimi sikubali. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, katikati mna ua mkubwa uliozungukwa na vyumba, na milango yake imechongwa na kunakshiwa aya za Kurani. Ni nyumba ya pwani iliyovaa koti la chuma. Baadaye lilitiwa umeme na lifti, na watu wa mjini wakawa na sababu zaidi ya kuliita jumba la maajabu.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zililipiga eneo la kasri kwa mizinga, kwa sababu Khalid bin Barghash alikuwa amejitwalia kiti bila ridhaa yao. Vita havikufika dakika 45. Beit al-Hukm lililokuwa jirani liliharibika kabisa, na mnara wa taa uliosimama mbele ukabomolewa. Beit al-Ajaib lilibaki limesimama, na mwaka uliofuata likapewa mnara wa saa kwenye uso wake. Tangu 1911 likawa makao ya ofisi za serikali, yaani watu wa mafaili kama mimi, na miaka mingi baadaye likawa makumbusho, na mtepe ulioshonwa kwa kamba ukawekwa pale uani.

Mizinga haikuliangusha. Mwaka 1912 halikuanguka, wala 1962. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ilianguka. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafa.

Sikuja kutoa hukumu juu ya ajali ile. Lakini tabia ya vitu hivi inajulikana. Jiwe la matumbawe hunywa maji, na chokaa huyaacha yatoke. Ukiipaka juu yake plasta ya saruji, maji yanafungiwa ndani. Chuma kikipata unyevu na chumvi ya bahari kinashika kutu, kutu inavimba, na ukuta unapasuka toka ndani huku rangi ya nje ingali inang'aa. Katika kazi yangu ya makadirio, fungu la matengenezo ndilo hupunguzwa kwanza, kwa kuwa mfereji usiozibuliwa hauandiki barua ya malalamiko.

Sasa ukumbi wetu. Ni mawe na chokaa vilevile, na umepakwa saruji kwa nje. Kuna pendekezo la kuubomoa tujenge wa kisasa, na waliolileta wana hoja: ufa ulio juu ya jukwaa unatisha, na watoto hukaa chini yake kila asubuhi. Naomba tu kura isipigwe leo. Tumlete kwanza fundi anayeijua chokaa, aseme kama ukuta umekufa au umelowa. Wakati tukimngoja, wanafunzi wafanyie mikutano yao chini ya miembe.

Asubuhi vijana wa kidato cha tatu walinionyesha mfereji wa paa upande wa bahari. Umeota mche wa mtini, urefu wake kama mkono wangu. Ngazi iko stoo.